Lugha ya Kuandikia Programu ya Bao

Wanafunzi wa kompyuta wakitaka kuandika programu ya kucheza sataranji, huuliza kwanza ni lugha gani iliyo nyepesi wa mbio kupita zote. Wana haki. Deep Blue, iliyomshinda Garry Kasparov mwaka 1997, iliandikwa kwa lugha ya C, na Stockfish inayochezwa leo ni ya C++. Lakini hapa Bagamoyo mchezo wa barazani ni bao, nalo lina mambo yake.

Tazama kazi yenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi. Katika sataranji, hatua moja huhamisha kipande kimoja tu au viwili, na kukirudisha mahali pake si kazi. Katika bao, kete moja uliyoiingiza yaweza kula, zilizoliwa zikatawanywa, zikala tena, hata mchezo ukilala ubao umegeuka sura. Basi usihangaike kurudisha nyuma: nakili ubao wote pamoja na kete za mikononi, ndipo ujaribu hatua.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila zamu ina njia 5. Kutazama hatua 6 mbele ni mara 15,625. Hatua 10 ni mara 9,765,625. Hapo Python hujikokota, na C hukimbia.

Hata hivyo nashauri uanze na Python. Programu ya sataranji hupimwa kwa urahisi: mwanzoni mweupe ana hatua 20, na mweusi akisha kujibu kuna njia 400, si zaidi wala pungufu. Bao lina kanuni za kutatiza. Katika namua, ukiwa umekula na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yako ambayo haijavunjwa, una hiari ya kulala au kusafiri. Kwa programu hizo ni hatua mbili mbalimbali. Ukisahau hiari hiyo, mashine itacheza upesi sana mchezo ambao si bao! Mwenye kuigundua kasoro hiyo ni fundi wa barazani, naye hasomi C. Python yasomeka karibu kama maneno ya kawaida, hivyo waweza kumfafanulia kanuni moja moja, ubao ukiwa kati yenu.

Akisha kuridhika, iandike upya kwa C sehemu ya kutawanya kete peke yake, maana ndiyo inayorudiwa mara nyingi, mengine yaache. Kisha zichezeshe zote mbili hatua zile zile elfu moja, na kila mara linganisha mashimo yote 32.