Ukakamavu wa Jabali la Buhongwa

Swali: Kipande cha jiwe kilichokerezwa kiwanjani kwetu Buhongwa, Mwanza, kimekwisha pimwa maabara, kwa nini wahandisi wataka kupima tena ndani ya shimo?

Jibu: Kwa sababu kipande kile, ndugu msomaji, ni jiwe lililosalimika, ilhali jengo litalalia jabali pamoja na nyufa zake zote, na matale ya Mwanza, ambayo umri wake wapita miaka bilioni 2.5, yana nyufa ambamo maji yameligeuza jiwe kuwa udongo. Hivyo huteremshwa shimoni mrija wenye ngozi ya mpira, ukatunishwa kwa shinikizo, na kadiri ukuta wa shimo unavyorudi nyuma, hata kwa sehemu ya milimita, ndivyo ukakamavu hukadiriwa. Wasihi washushe shinikizo kisha walipandishe tena, kwani tofauti ya mara mbili hizo ndiyo ifichuayo jinsi nyufa zinavyofumba.