AMEFUFUKA, SASA MFUNGUENI SANDA

Somo kwa anayeacha pombe au unga, na kwa watu wa nyumbani kwake



Labda umepewa karatasi hii uwanjani kwenye mkutano, labda stendi ya Tunduma, labda umekaa kwenye lori unangoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde. Usiitupe. Kama haikuhusu wewe, inamhusu mtu unayekula naye sahani moja.

Tuanze na swali. Kwa nini mtu analia mbele ya madhabahu Jumapili, anavunja chupa kwa mkono wake mwenyewe, halafu Jumatano anaonekana kilabuni? Wengine husema hakuokoka. Wengine husema alikuwa anaigiza. Mpendwa, tusihukumu haraka. Soma Yohana 11. Lazaro alitoka kaburini akiwa hai kweli kweli, lakini mikono na miguu ilikuwa bado imefungwa sanda. Yesu aliwaagiza waliosimama pale wamfungue. Kumfufua ilikuwa kazi yake. Kumfungua akawapa watu.

Leo tujifunze kufungua.

1. SANDA YA KWANZA NI MWILI

Mtu aliyekunywa komoni, kimpumu au gongo kila siku kwa miaka, ubongo wake umezoea. Pombe hupooza, nao ubongo hukaza ili ushindane nayo. Mfano wake ni dereva anayepanda mlima na mzigo mzito, amekanyaga mafuta mpaka chini. Sasa ule mzigo ukishushwa ghafla, na mguu bado uko pale pale, lori litaruka.

Ndivyo inavyokuwa. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Katika siku 2 za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo.

Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Wanasema pepo limerudi. Wanamfunga kamba, wanamfungisha bila maji. Ndugu yangu, Shetani ana hila, lakini si kila mtetemeko ni pepo. Hali hii inaweza kuua mtu, na dawa yake ipo. Hospitali watampa dawa ya kutuliza ubongo, wataipunguza siku hadi siku, watampa na vitamini B1 ambayo pombe imemmalizia. Mwombee, ndiyo, lakini mwombee mkiwa njiani kwenda hospitali!

Jipime mwenyewe. Je, asubuhi huwezi kushika kikombe mpaka uzimue kwanza? Basi usiache ghafla peke yako chumbani. Nenda ukamwone daktari kabla ya siku ya kuacha, umwambie ukweli ni kiasi gani unakunywa. Usipunguze hesabu kwa aibu.

2. NA ANAYETUMIA UNGA JE?

Arosto ya heroini ina sura yake: mifupa inauma, kamasi, kuhara, baridi kwenye jua kali. Mara nyingi haiui yenyewe, lakini inamrudisha mtu kijiweni. Kwa ajili hiyo hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ikafuata mwaka 2017. Ni dawa ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, na mtu anaachana na sindano zinazoleta UKIMWI na homa ya ini. Anapata akili ya kufanya kazi na kulea watoto.

Mchungaji, usimwambie mtu atupe dozi yake ili aonyeshe imani. Huo si ushindi.

Tena sikia neno hili, limeokoa watu: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, mwili wake umesahau. Akirudia kipimo kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika palepale. Ukimkuta hivyo usikimbie kwa kuogopa polisi. Mlaze ubavu, umkimbize hospitali.

3. SANDA YA PILI NI NJIA YA KURUDI NYUMBANI

Serikali ya Zambia ilipiga marufuku tujilijili mwaka 2012. Ya kwetu ilipiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa kazi njema. Lakini pakiti iliondoka, kiu ikabaki. Kiu haina sheria.

Kibarua wa mpakani analipwa jioni, taslimu, na njia yake inapita mlangoni mwa kilabu. Basi badili njia. Tuma hela kwa mkeo kwa simu kabla hujatoka kazini. Jihadhari na wezi wanne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Wakikukuta wote wanne siku moja, usikae peke yako, tafuta mtu. Wala usiape ya miaka kumi. Shinda leo. Kesho ina neema yake.

Yesu alifundisha habari za nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu (Luka 11:24-26). Saa za kilabu ukiziacha tupu, zitajazwa.

4. WAFUNGUAJI NI AKINA NANI?

Mke au mama: Hukumlevya wewe. Usimlipie deni la kilabuni, wala usimdanganyie bosi wake kwamba anaumwa. Mpe chakula, mpe neno jema. Na kama anakupiga, uvumilivu si kukaa uuawe. Nenda kwa ndugu, nenda Dawati la Jinsia polisi.

Kanisa: Mchungaji David Wilkerson wa Marekani aliwaendea vijana wa mitaani New York mwaka 1958. Aliona maombi ya barabarani hayatoshi, na huduma yake ya Teen Challenge ikaanza, baadaye ikawa na nyumba za kuishi pamoja, kuomba na kufanya kazi. Sisi je? Tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda siku ya tatu, siku ya kumi hatujui amelala wapi! Mtembeleeni wiki ya kwanza kila siku. Mtafutieni kibarua. Akianguka, msimtangaze. Mwulizeni, "Leo tufanye nini?" Msamaria hakuishia kuhurumia, alifunga majeraha, akalipa na gharama za nyumba ya wageni (Luka 10:33-35).

FANYA HIVI LEO

Mwambie mtu mmoja ukweli. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa habari za dawa za kulevya piga 119, ni bure. Kisha omba hivi:

Baba, nimechoka kujificha. Nisamehe. Nipe nguvu ya siku hii moja. Uniletee watu wa kunifungua, na unipe unyenyekevu wa kunyoosha mikono wanifungue. Amina.

Ukimaliza kusoma, usiikunje mfukoni. Mpe mwingine.