Hadhari Kabla ya Kutia Sahihi: Vyuo vya Kazi vya Kibiashara Nchini Marekani

Katika nchi ya Marekani wako wenye mali walioanzisha vyuo kwa kusudi la kuchuma faida, na humo hufundishwa uuguzi msaidizi, utengenezaji wa magari, ususi, kazi za ofisini na amali nyinginezo. Na kwa kuwa ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili waliohamia huko, hasa wakimbizi waliotoka Kongo, hutafuta mapema cheti kitakachowapatia riziki ya halali, tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza vyuo hivyo vilivyo. Si insafu kuvihukumu vyote kwa hukumu moja, maana wako waliosoma humo wakafaulu, na masomo ya usiku ni msaada mkubwa kwa mzazi ashindaye kazini mchana kutwa. Walakini wako pia, tena si akali, waliotoka humo mikono mitupu na deni shingoni.

Ukifika katika chuo cha namna hiyo, aghalabu utatangulia kuambiwa wingi wa wanafunzi, nao wingi huo usikulevye. Corinthian Colleges, kampuni iliyoasisiwa California mwaka 1995, ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000 mwaka 2010, na mwaka 2015 ikafunga milango huku maelfu wakiwa katikati ya masomo. Kampuni nyingine ya vyuo, ITT, ikafuata Septemba 2016. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin, katika ripoti yake ya mwaka 2012 juu ya makampuni 30 ya namna hiyo, ilidhihirisha kwamba katika mapato ya mwaka 2009 asilimia 22.7 ilitumika kutangaza na kuandikisha wanafunzi, ilhali iliyokwenda katika kufundisha ilikuwa asilimia 17.2, na katika walioandikishwa mwaka wa masomo 2008–2009, asilimia 54 walikuwa wamekwisha kuondoka bila cheti ilipofika katikati ya mwaka 2010. Basi uliza wangapi wametoka na cheti, na wangapi miongoni mwao wameajiriwa katika kazi waliyoisomea.

Kisha utaonyeshwa picha za watu wa kila asili. Ni kweli kwamba vyuo hivi, vikilinganishwa na vingine, vina wanawake wengi zaidi, Wamarekani Weusi wengi zaidi, watu wazima na kina mama waleao watoto peke yao. Lakini sababu yake si ukarimu tu. Sheria ya mwaka 1998 iliruhusu chuo kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya wanafunzi itolewayo na Wizara ya Elimu, na mtu maskini ndiye astahiliye msaada mkubwa zaidi. Waliokuwa askari nao walitafutwa kwa bidii kwa sababu fedha zao za masomo hazikuhesabiwa katika asilimia hiyo, mpaka Bunge lilipobadili sheria mwaka 2021. Chuo kipokeacho misaada hiyo hulazimika kutangaza hesabu ya wanaohitimu kwa mafungu ya asili na jinsia. Idai hesabu hiyo, uone watu wa hali yako wamefika wapi.

Ama gharama, hapo ndipo penye mzigo wenyewe. Ripoti ile ile ya Seneti ilikuta kwamba cheti katika vyuo hivyo kiligharimu kwa wastani mara nne na nusu ya cheti cha mfano wake katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma. Tena ada pekee si gharama yote, maana viko vitabu, sare, vifaa, mtihani wa leseni na nauli. Ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kwa mwanafunzi mhitaji, iliyofika dola 7,395 kwa mwaka 2024–2025, hairudishwi, lakini ina kikomo cha mihula 12 katika umri wa mtu, na aitumiaye katika chuo kibovu huipunguza haki yake ya kusoma kwingine. Mkopo nao hudaiwa hata kama masomo hayakukamilika, na ni shida mno kufutiwa, hata kwa aliyetangazwa muflisi. Zaidi ya hayo, vyuo vingine mara nyingi hukataa kuyahesabu masomo hayo, mtu akalazimika kuanza upya.

Tazama uuguzi msaidizi, kazi iwavutiayo wengi wetu: sheria ya shirikisho yataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, ingawa majimbo kadhaa yameongeza, na makao ya wazee yapokeayo fedha za bima za serikali hayaruhusiwi kumtoza gharama ya mafunzo hayo mtu ambaye yamekwisha kumwajiri au kumwahidi kazi. Kumtwisha mhitaji deni la maelfu ya dola kwa kazi kama hiyo ni dhuluma, nasi twasema hivyo bila kificho.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Wizara ya Elimu iliwafutia watu 560,000 waliosoma Corinthian deni la dola bilioni 5.8, lakini ilikuwa imepita miaka saba tangu chuo kufungwa, na miaka hiyo hawakurudishiwa. Kwa hiyo twakusihi: usitie sahihi siku ile ile uliyokaribishwa, hata uambiwe nafasi zimebaki chache. Zichukue karatasi nyumbani, usomewe na mtu umwaminiye. Usimlipe mtu kwa kujaziwa fomu ya FAFSA, ambayo kwayo huombwa misaada hiyo ya serikali, maana fomu hiyo ni bure. Na kabla ya yote nenda katika chuo cha jamii kilicho karibu nawe, ukaulize bei ya masomo yayo hayo.