Singidani Bila Haraka: Vidokezo 7

Uwe mkazi wa Unyambwa au umeshuka tu stendi ya Singida ukiwa njiani kwenda Mwanza, Ziwa Singidani lisikupite. Liko pembeni mwa mji, ni tulivu, na ndege wake watakumalizia asubuhi nzima.

1. Wahi. Kuanzia alfajiri hadi saa tatu, upepo bado mpole na maji yametulia. Saa sita jua la Singida halina utani. Ukichukua boda, patana kabisa nauli ya kwenda na kurudi.

2. Chagua msimu. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Miezi hiyo pia huleta ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kiangazi maji hurudi nyuma, ukingo ukabaki mweupe kwa chumvi na magadi.

3. Watafute heroe, yaani flamingo. Leo wengi, kesho wachache. Hufuata kina cha maji na chakula. Ukiwapata, tazama wanavyokula: kichwa chini, mdomo juu chini, wakichuja vijimea visivyoonekana kwa macho. Rangi yao ya waridi inatokana na chakula hichohicho.

4. Usiwasogelee. Shingo zikiinuka zote kwa pamoja, ujue umeshaonekana. Simama hapohapo. Ukizidisha hatua wataruka, na wewe utabaki na picha ya mikia. Darubini ndogo inamaliza kazi.

5. Jihadhari na tope. Ukingo huonekana mkavu kumbe ni gamba tu, chini ni tope la kumeza kiatu. Pita palipo na nyayo za wenyeji, na watoto washike mkono.

6. Beba maji na kofia. Ziwa hili halina mto wa kutokea; maji huondoka kwa kukauka juani, chumvi ikabaki. Si maji ya kukata kiu. Kivuli nacho ni haba, labda ubavuni mwa mawe makubwa ya itale. Njaa isikusumbue: mjini kuna kuku wa kienyeji wa Singida, wanaosifika.

7. Rudi na taka zako. Chupa ya plastiki ikiingia kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, haina pa kwenda. Itakaa palepale heroe wanapochovya midomo. Tafadhali, ulichokwenda nacho, ondoka nacho.