Dondoo muhimu: Usiitupe laptopu ya zamani

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa mashine nyingi za kale. Wewe mwenye laptopu ya mtumba, usikimbilie kuiuza kwa bei ya kutupa. Badala ya Windows, weka Linux Mint: ni mfumo endeshi huria, haulipiwi, na huridhika na RAM ya GB 2, ingawa 4 ni bora zaidi. Kwanza nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Kusakinisha kunaweza kufuta kila kitu. Andaa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint kwa programu ya Etcher, uwashe laptopu kupitia flashi hiyo, na kabla hujasakinisha jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Laptopu ikiwa bado inajikokota baada ya kusakinisha, mwambie fundi akuwekee diski ya SSD.