SOMO: KUINUA PIKIPIKI NYUMBANI



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mashine za kiwandani. Leo tunaitazama kazi ifanyikayo Jumapili, nyumbani, pasipo na msimamizi. Huku Uganda, kwenye mashamba ya chai ya Toro, wenzetu wengi siku hizi wana pikipiki, na baadhi yao wakitoka zamu huendesha bodaboda ili kuongeza kipato. Fundi anataka fedha, kwa hiyo mtu hujitengenezea mwenyewe bandani kwake.

Mwenzetu mmoja, mchuma chai wa miaka mingi, aliegesha pikipiki yake juu ya kreti ya soda na matofali mawili. Nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeshika kutu, naye akaivuta spana kwa nguvu zake zote. Tofali likapasuka, pikipiki ikamwangukia, mguu ukavunjika. Tulipokwenda ofisini kuuliza fidia tulirudi mikono mitupu, na hatukuwa na la kubishania. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu aliyeumia kwa sababu ya kazi, akiwa kazini. Pikipiki yako mwenyewe, siku ya Jumapili, si kazi ya mwajiri. Tulichangishana, lakini mchango haulishi watoto miezi mitatu.

Baadaye tawi lilinunua jeki moja ya pikipiki, ile ya mafuta inayopandishwa kwa kukanyaga pedali, wanachama waazimane. Yafuatayo ni yale tunayomwambia kila anayekuja kuichukua.

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda inazidi kilo 100, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Soma kwanza uzito ulioandikwa kwenye jeki. Iweke juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Kama sakafu ni ya udongo, tandika ubao mnene na mpana, maana magurudumu madogo ya jeki huzama upande mmoja na pikipiki hulala upande huo huo.

Nati ngumu zilegeze pikipiki ikiwa bado chini. Hili ndilo lililomvunja mwenzetu, hata kuliko tofali. Nguvu ya kuvuta spana ndiyo inayoisukuma pikipiki iliyo juu. Legeza kidogo tu, kisha inua.

Jeki ishike mabomba ya fremu. Ekzosi haifai, wala sampu ya oili, ambayo hupasuka. Funga mkono wa breki ya mbele kwa kipande cha tyubu ili gurudumu lisibingirike. Inua kidogo, simama, itikise kwa mkono. Ikiyumba, ishushe uanze upya. Ikitulia, ifunge kamba pande zote mbili, zote ziwe na mkazo mmoja.

Sasa neno ambalo watu hulisahau: mafuta ya jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mpira wa ndani ukichakaa, mafuta huvuja na mzigo hushuka, pengine polepole, pengine ghafla. Kwa hiyo ingiza chuma cha usalama kwenye tundu lake, kisha shusha kidogo mpaka uzito ukae juu ya chuma hicho. Bila hivyo usiingize mkono wala mguu chini yake.

Kumbuka pia kwamba uzito huhama. Ukitoa gurudumu la nyuma, mbele panakuwa pazito. Ukitoa la mbele, nyuma panalemea. Weka gogo la mti mgumu chini ya upande unaotaka kulala kabla hujatoa kitu. Matofali hapana, tumekwisha kuona. Na ikianza kuanguka, iache ianguke! Taa na kioo vinauzwa dukani.

Petroli ina hatari yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hata ukafika kwenye sigiri ya mama watoto chumba cha pili. Funga koki ya petroli, na usitumie kibatari. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu, na mtu husinzia asiamke. Cheni nayo isafishwe injini ikiwa imezimwa, ukilizungusha gurudumu kwa mkono. Kitambaa kikinaswa na cheni inayokwenda, vidole hufuata.

Watoto wawe nje, na awepo mtu mzima wa pili karibu.

Maswali ya kujadili tawini:
Nani akague jeki kabla ya kuazimwa, na aandike wapi?
Aliyeirudisha ikivuja mafuta bila kusema, tumfanyeje?
Je, tumwombe mwajiri sehemu yenye sakafu ya saruji siku za Jumapili, na tukipewa, mtu akiumia hapo itahesabika vipi?