Mdogo Wangu, Zihesabu Siku Zako za Pretoria

Barua ya leo imetoka kwa msomaji wa Thika ambaye dada yake ameolewa Pretoria. Februari alikwenda kumsaidia dada kulea mtoto mchanga, akakaa wiki sita. Juni akarudi kwa siku 30. Sasa anataka kuingia Novemba 20, wale Krismasi pamoja, arejee nyumbani Januari. Anauliza: "Dada, si tuliambiwa Wakenya hatuhitaji viza Afrika Kusini? Mbona rafiki yangu ananitia hofu?"

Mdogo wangu, huyo rafiki mshike vizuri.

Ni kweli viza ya kuomba kabla ya safari iliondolewa. Rais Ramaphosa alipokuja Nairobi Novemba 2022, yeye na Rais Ruto walitangaza jambo hilo, na utaratibu ukaanza Januari 1, 2023. Tulishangilia, na tulikuwa na haki, maana ndugu zetu Watanzania walikuwa wametutangulia huku sisi tukiendelea kukusanya taarifa za benki na barua za mwaliko. Kilichopotea katika shangwe ni kipande cha pili cha tangazo: siku 90 katika mwaka wa kalenda. Zote kwa jumla, Januari mosi hadi Desemba 31, hata ukienda mara kumi.

Basi tuhesabu zako. Wiki sita ni siku 42, ongeza 30 za Juni, zimekwenda 72. Umebakiwa na 18. Ukiingia Novemba 20, na siku ya kuingia uihesabu, unafika Desemba 7 na mfuko mtupu. Krismasi itakukuta huna ruhusa ya kuwa nchini.

Najua kuna shangazi atakayekushauri uvuke mpaka hadi Maseru au Mbabane, ulale usiku mmoja, urudi na muhuri mpya. Mbinu hiyo ina maana kwenye nchi ambazo kila ukiingia hesabu inaanza upya. Hesabu yako wewe ni ya mwaka mzima, kwa hiyo Maseru utaambulia baridi na nauli ya basi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni mpaka siku ya kuondoka. Pale uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, afisa wa uhamiaji anatazama tiketi yako ya kurudi, anauliza unafikia kwa nani, kisha anagonga muhuri. Kwenye muhuri kuna tarehe ya mwisho wa kukaa, na hiyo ndiyo inayokubana, hata kama umebakiwa na siku nyingi kwenye hesabu yako ya mwaka. Akiona tiketi ya wiki mbili, anaweza kukuandikia wiki mbili. Ukisogeza tiketi baadaye kwa sababu mtoto ameugua au shemeji amekusihi ubaki, muhuri hausogei nayo. Usome palepale dirishani, kabla hujaenda kutafuta sanduku lako. Kama tarehe haielekei, uliza kwa adabu wakati afisa bado yuko mbele yako.

Na ukipitiliza? Maafisa wanaona kwenye kompyuta unapotoka. Kanuni zao za 2014 zinasema aliyezidisha siku zisizozidi 30 anaweza kutangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12. Akirudia kosa ndani ya miezi 24, ni miaka 2. Akizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka 5. Unakabidhiwa karatasi pale uwanja wa ndege na unapewa siku 10 za kazi kuomba uondolewe adhabu, ukiwa na ushahidi, kwa mfano barua ya hospitali. Miaka 5 bila kumwona dada yako kwa ajili ya sikukuu moja! Mimi siwezi kukushauri ujaribu.

Kazi nayo nisiisahau, maana nawajua. Ukiingia kama mgeni, huruhusiwi kufanya kazi. Kusuka nywele saluni ya jirani kwa malipo ni kazi. Kuuza vitenge ulivyobeba ni biashara. Kwa kumbembeleza mpwa wako nyumbani kwa dada hakuna atakayekukamata, lakini ukianza kulea watoto wa mtaa kwa mshahara, hapo umeshavuka.

Sasa, kwako wewe ambaye kila mwaka safari zinakaribia au kuzidi siku 90, mtindo huu wa kuingia bila viza haukufai tena. Unafaa mtu wa harusi, wa mkutano, wa kununua bidhaa na kurudi. Mwenye ndugu wa karibu aombe viza ya jamaa, inayoweza kutolewa hadi miaka 2. Sharti ni dada yako awe raia wa Afrika Kusini au mkazi wa kudumu. Kuolewa peke yake hakutoshi, kwa hiyo muulize karatasi zake zikoje kabla hujatumia hata shilingi. Ataonyesha pia kwamba anaweza kukugharamia, kiwango kikiwa randi 8,500 kwa mwezi. Wewe utatafuta cheti cha tabia njema na ripoti ya daktari. Viza hiyo nayo haikuruhusu kufanya kazi.

Maombi hayo yafanyie Nairobi. Kuingia kama mgeni kisha kutaka kubadilishiwa ruhusa ukiwa kule kuna milango michache sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba yao iliwafungulia wenzi na watoto wa raia na wa wakazi wa kudumu. Dada wa mtu hakutajwa.

Kwa Krismasi hii viza ya jamaa haitawahi, kwa hiyo nakushauri hivi. Ingia Desemba 14. Siku zako 18 zitakufikisha Desemba 31, na Januari mosi unaanza mwaka mpya wenye siku zake 90. Nenda na tiketi ya kurudi ya Januari, mweleze afisa safari yako yote bila kificho, kisha usome alichogonga. Akiandika Desemba 31, uondoke Desemba 31, hata kama pilau iko jikoni. Na mwakani, Februari ikifika, anza kushughulikia ile viza ya jamaa. Usiningojee Novemba tena.